Dira ya sumaku: Sindano iliyoongoza biashara, na kosa lake ambalo kila nahodha hupaswa kulijua

Machi 1498, meli za Mreno Vasco da Gama zilitia nanga katika Kisiwa cha Msumbiji. Wareno hao walikuwa wamezunguka Rasi ya Tumaini Jema baada ya miezi mingi ya shida, wakiamini wanaingia katika bahari ambayo mambo yao hayajulikani. Bandarini walikuta vyombo vinne vya wafanyabiashara Waarabu vimesheheni dhahabu, fedha, karafuu, pilipili manga, tangawizi, lulu na vito. Mbao za vyombo hivyo hazikuwa na msumari hata mmoja. Zilishonwa kwa kamba. Matanga yalikuwa ya mikeka.

Mmoja wa Wareno waliokuwamo safarini aliweka shajara, na humo akaeleza jambo lililomshangaza. Manahodha wa vyombo hivyo vya kushonwa walikuwa na ramani za bahari, walikuwa na vifaa vya kupimia nyota, na walishika njia kwa dira za sumaku za aina iliyotoka Genoa, mji wa bandari wa Italia.

Hakuna meli iliyokuwa imewahi kutoka Genoa ikafika moja kwa moja Msumbiji. Lakini bidhaa zilikuwa zikipita kati ya pande hizo mbili kwa mikono mingi: huyu ananunua hapa, anauza bandari inayofuata, na mwenzake anapokea na kusogeza mbele. Kwa njia hiyo hiyo ya pilipili na vitambaa, dira iliwatangulia Wareno kufika pwani ya Afrika Mashariki.

Kwa mfanyabiashara wa leo anayesafirisha mzigo kutoka Kigoma kwenda Kalemie, Mwanza kwenda Port Bell, au Mombasa kwenda Pemba, historia ya chombo hiki ina faida ya moja kwa moja. Inaonyesha kwamba dira haikuwahi kuwa kitu cha kuaminiwa kwa kufumba macho. Sindano yake hukosea. Kosa hilo lina sababu zinazojulikana, na mojawapo ni mzigo wenyewe uliopakiwa chomboni.

Pande za dunia kwa majina ya upepo

Kabla ya sindano, mabaharia wa Bahari ya Hindi waliongozwa na upepo na nyota. Kiswahili bado kinabeba kumbukumbu hiyo. Kaskazini ni upande unakotoka kaskazi, upepo unaovuma tangu mwishoni mwa mwaka hadi Machi hivi, ambao ulileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na India. Kusini ni upande unakotoka kusi, upepo unaoanza kuvuma baada ya Machi na kuwarudisha wageni makwao. Mashariki na magharibi ni maneno yenye asili ya Kiarabu, yanayotokana na kuchomoza na kuzama kwa jua. Kwa hiyo mtu wa pwani anapotaja pande za dunia, nusu ya maneno anayotumia ni ratiba ya biashara ya zamani.

Katika Kiswahili cha zamani cha mabaharia yalikuwapo pia majina mengine. Kaskazini iliitwa Jaa, kwa jina la nyota inayoonekana kutulia juu ya ncha ya kaskazini ya dunia. Kusini iliitwa Suheli, kwa jina la nyota kubwa ya anga la kusini. Majina hayo mawili ndiyo yaliyoandikwa pia kwenye duara la dira ya Kiarabu, ambalo liligawanywa sehemu 32, nyingi zikiitwa kwa nyota inayochomoza au kuzama katika upande huo. Hata neno dira lina asili ya Kiarabu na linahusiana na neno lenye maana ya duara.

Nyota zilikuwa kiongozi mzuri, ila zilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, mawingu huzifunika. Pili, Jaa huonekana upande wa kaskazini wa ikweta tu. Jahazi likishuka kutoka Mogadishu kuelekea Lamu, Mombasa na Kilwa, nyota hiyo huteremka usiku hadi usiku mpaka ikazama kabisa kwenye upeo. Nahodha wa kwenda Sofala kuchukua dhahabu alilazimika kuzifahamu nyota nyingine, tena usiku usiwe wa mvua. Wenye biashara walihitaji kitu ambacho mawingu hayakizuii.

Jiwe linalovuta chuma

Kitu hicho kilianzia kwenye jiwe. Kuna aina ya madini ya chuma yanayoitwa magnetiti, na baadhi ya vipande vyake hupatikana vikiwa tayari ni sumaku kwa asili. Madini ya jamii hiyo yapo hata katika eneo letu: chuma cha Liganga, wilayani Ludewa nchini Tanzania, ni magnetiti iliyochanganyika na titani na vanadi. Si kila kipande cha magnetiti ni sumaku, lakini watu wa kale waliobahatika kuokota kile chenye nguvu waliona maajabu: jiwe linavuta chuma pasipo kamba wala gundi.

Wachina waligundua jambo la pili, ambalo lilikuwa na thamani kubwa zaidi. Jiwe hilo, au kipande cha chuma kilichosuguliwa nalo, kikiachwa huru hugeuka na kutulia kikiwa kimeelekea kusini na kaskazini. Kwa karne nyingi maarifa hayo yalitumika katika ramli na kuchagua mahali pa kujenga nyumba au kuchimba kaburi. Kitabu cha kijeshi cha China cha mwaka 1044 kinaeleza namna ya kutengeneza samaki mwembamba wa chuma, akapashwa moto, akapozwa akiwa ameelekezwa upande maalumu, kisha akaelea majini na kuonyesha njia kwa askari waliopotea usiku.

Mwaka 1088 hivi, afisa na mwanazuoni wa China, Shen Kuo, aliandika jinsi sindano inavyosuguliwa kwa jiwe la sumaku na kuning'inizwa kwa uzi mmoja wa hariri. Aliongeza jambo ambalo wengi hawakuliona: sindano haikuelekea kusini barabara. Ilikengeuka kidogo kuelekea mashariki. Sentensi hiyo fupi ndiyo chanzo cha kazi ambayo ingewashughulisha mabaharia na wanasayansi kwa miaka 700 iliyofuata.

Miongo michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 12, mwandishi Zhu Yu, ambaye baba yake aliwahi kuwa afisa mkubwa katika mji wa bandari wa Guangzhou, alieleza utaratibu wa manahodha wa meli za biashara: usiku hutazama nyota, mchana hutazama jua, na mbingu zikifunga hutazama sindano inayoelekea kusini. Hapo dira ilikuwa imetoka kwa mpiga ramli na kuingia mikononi mwa nahodha.

Kitabu cha wafanyabiashara

Wanahistoria hawajakubaliana kama maarifa hayo yalisafiri kutoka China hadi Ulaya, au kama watu wa Ulaya waliyagundua wenyewe. Kinachojulikana ni kwamba Mwingereza Alexander Neckam aliandika habari za sindano ya mabaharia karibu na mwaka 1190. Katika ulimwengu wa Kiislamu, mwandishi wa Kiajemi Muhammad al-Awfi, katika kitabu chake cha mwaka 1232, anasimulia safari ya baharini iliyokumbwa na upepo mkali na giza. Nahodha akatoa samaki wa chuma, akamsugua kwa sumaku na kumweka majini, naye akazunguka na kutulia akionyesha upande wa kibla.

Ushahidi ulio karibu zaidi na wasafirishaji wa mizigo ni wa mwaka 1282. Mwaka huo Baylak al-Qibjaqi aliandika mjini Cairo kitabu cha Kiarabu kuhusu mawe na madini, ambacho jina lake lina maana ya hazina ya wafanyabiashara. Anaeleza aliyoyaona kwa macho yake miaka 40 hivi kabla ya hapo, alipokuwa safarini kutoka Tripoli ya Sham kwenda Iskanderia. Usiku ulipokuwa giza na nyota hazionekani, mabaharia walichukua chombo cha maji na kukiweka mahali pasipo upepo. Wakachomeka sindano kwenye kijiti ili ielee. Kisha wakashika jiwe la sumaku juu yake, wakalizungusha na sindano ikalifuata, wakaliondoa ghafla. Sindano ikatulia ikiwa imeelekea kaskazini na kusini.

Baylak anaongeza kwamba manahodha wa Bahari ya Hindi wao walitumia samaki mwembamba wa chuma, mwenye uwazi ndani, anayeelea na kuonyesha pande hizo kwa kichwa na mkia. Kwa hiyo katika karne ya 13 chombo hiki kilikuwa tayari kinajulikana katika bahari mbili, kwa maumbo mawili, na aliyeona vyema kukiandika alikuwa akiwaandikia wanunuzi na wauzaji.

Karne hiyo hiyo haikuisha kabla dira haijapata kazi nyingine. Al-Ashraf, aliyekuja kuwa sultani wa Yemen, aliandika namna ya kuitengeneza na kuitumia kutafuta kibla. Na mwaka 1269 Mfaransa Petrus Peregrinus aliandika barua ndefu kuhusu sumaku, akazitaja ncha zake mbili na kueleza sindano inayozunguka juu ya kipini ndani ya kisanduku chenye kifuniko na duara lililogawanywa kwa digrii. Dira ya kisanduku haimwagiki chombo kinapoyumba. Hiyo ndiyo aina iliyoenea katika bandari za Italia, na ambayo Wareno waliikuta Msumbiji.

Malindi, njiapanda ya dira tatu

Katika karne ya 15 pwani ya Afrika Mashariki ilitembelewa na mabaharia kutoka pande zote tatu zilizokuwa zikitumia sindano.

Wachina walifika kwanza. Kati ya mwaka 1405 na 1433, Zheng He aliongoza misafara mikubwa ya meli katika Bahari ya Hindi, na baadhi ya meli hizo zilifika Mogadishu na Malindi. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alipokelewa China kwa shangwe. Ramani inayohusishwa na misafara hiyo, iliyochapishwa China karne ya 17, inaonyesha Malindi na Mombasa. Haikuchorwa kwa vipimo kama ramani za leo. Ni mstari wa njia, na kandoni mwake yapo maelekezo: shika upande fulani wa sindano kwa muda fulani, kisha upande mwingine. Dira ya Wachina iligawanywa sehemu 24.

Wapili walikuwa Waarabu, ambao kwao bahari hii haikuwa ngeni. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika eneo ambalo leo ni Ras al-Khaimah, aliandika karibu na mwaka 1490 kitabu kikubwa kuhusu misingi ya safari za baharini. Humo alieleza dira na sehemu zake 32, nyota, misimu ya upepo na dalili za nchi kavu. Alitunga pia shairi refu linaloeleza njia ya kwenda Sofala. Mtaalamu wa aina yake aliitwa kwa Kiarabu muallim, neno lile lile lililozaa mwalimu wa Kiswahili. Kwenye chombo, mwalimu alikuwa mtu anayejua njia.

Watatu walikuwa Wareno. Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Malindi na kupewa rubani wa kumvusha hadi India. Simulizi maarufu humtaja ibn Majid kuwa ndiye rubani huyo, lakini watafiti wengi leo hawakubali, na wapo wanaosema alikuwa mtu wa Gujarat. Jina ambalo Wareno walimwita linasikika kama neno muallim lililoharibiwa matamshi, yaani walikiandika cheo chake badala ya jina lake. Msafara uliondoka Malindi tarehe 24 Aprili na kufika karibu na Calicut tarehe 20 Mei. Siku zisizofika 30, kuvuka bahari yote hiyo. Wareno walikuwa na sindano yao. Walichohitaji kutoka Malindi ni mtu aliyejua jinsi ya kuisoma katika bahari ile na katika msimu ule.

Rasi ya Sindano

Kosa lile ambalo Shen Kuo aliliona kwa uzi wa hariri liliwarudia mabaharia kwa nguvu walipoanza safari ndefu. Christopher Columbus alipovuka Atlantiki mwaka 1492 aliona sindano ikibadilika kadiri alivyokwenda magharibi. Kumbe kukengeuka hakuko sawa kila mahali.

Mfano mzuri upo katika ncha ya kusini kabisa ya Afrika. Wareno waliiita Agulhas, maana yake sindano. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba, walipopita hapo karibu na mwaka 1500, sindano ya dira iliangalia kaskazini ya kweli bila kukengeuka. Palikuwa mahali pa kuhakikisha dira. Leo, mahali hapo hapo, sindano hukengeuka zaidi ya digrii 20 kuelekea magharibi. Rasi haikusogea. Kilichosogea ni nguvu ya sumaku ya dunia.

Sababu ilianza kueleweka mwaka 1600, pale daktari Mwingereza William Gilbert alipochapisha kitabu kuhusu sumaku. Alichonga mpira kutoka kwenye jiwe la sumaku, akapitisha sindano ndogo juu yake, na kuona inafanya vile vile inavyofanya baharini. Akahitimisha kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Wanasayansi wa leo wanaeleza kwamba nguvu hiyo hutokana na mwendo wa chuma kilichoyeyuka katikati ya dunia, na kwa kuwa chuma hicho hakitulii, ncha za sumaku nazo hazitulii. Ncha ya kaskazini ya sumaku, iliyofikiwa mara ya kwanza mwaka 1831 katika kaskazini ya Kanada, imekuwa ikihama kuelekea upande wa Urusi.

Njiani waliondolewa pia uvumi. Kwa karne nyingi ilisemwa kwamba kitunguu saumu huua nguvu ya sumaku, hivyo mshika sukani asile kitunguu saumu karibu na dira. Mtaliano Giambattista della Porta aliamua kujaribu. Alikula kitunguu saumu akaipumulia sumaku na hata kuibeulia, akaipaka maji ya kitunguu hicho, na sumaku ikafanya kazi yake kama kawaida.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya kupima na kuandika. Mwingereza Edmund Halley alizunguka Bahari ya Atlantiki kati ya mwaka 1698 na 1700 akipima kosa la sindano mahali hadi mahali. Mwaka 1701 alichapisha ramani yenye mistari inayounganisha sehemu zote zenye kosa lililo sawa. Tangu hapo nahodha hakuhitaji sindano isiyokosea. Alihitaji ramani ya kumwambia inakosea kiasi gani hapo alipo. Ramani hizo husahihishwa mpaka leo. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki kosa hilo ni dogo, digrii chache tu, na hiyo ni bahati ya eneo hili.

Chuma ndani ya chombo

Kosa la pili halitoki ardhini. Mwaka 1538 Mreno João de Castro, akiwa katika safari ya Lisbon kwenda Goa, aliona kwamba vipimo vyake vilikuwa vikipingana bila sababu. Alipochunguza, akagundua mizinga na vyuma vingine vya meli vilikuwa vikiivuta sindano. Miaka zaidi ya 260 baadaye Matthew Flinders, akichora ramani ya pwani ya Australia, aligundua kwamba kosa hilo hubadilika kila meli inapogeuza uelekeo wake.

Katika meli za mbao tatizo lilivumilika. Karne ya 19 ilipoleta meli za chuma, likawa la kuua. Januari 1854 meli mpya ya chuma iliyoitwa Tayleur iliondoka Liverpool kwenda Melbourne ikiwa na mamia ya wahamiaji, wengi wao wakifuata neema ya dhahabu ya Australia. Ilikuwa safari yake ya kwanza. Kufuatana na dira, nahodha aliamini wanashuka kusini. Kwa kweli walikuwa wakisogea magharibi, kuelekea Ireland. Siku mbili tu baada ya kuondoka, meli ilijibamiza kwenye miamba ya kisiwa cha Lambay, karibu na Dublin. Watu zaidi ya 300 walikufa. Uchunguzi uliofuata ulitaja kwamba meli iliachiwa kwenda baharini kabla dira zake hazijarekebishwa ipasavyo.

Dawa ilipatikana kwa hatua. Sumaku ndogo ziliwekwa karibu na dira ili kupingana na mvuto wa chombo, na mwaka 1876 William Thomson, aliyekuja kujulikana kama Lord Kelvin, alisajili dira yake iliyo kwenye kisanduku chenye sumaku chini na mipira miwili ya chuma ubavuni. Mipira hiyo bado huonekana kwenye vyumba vya nahodha vya meli nyingi. Na kabla ya safari, meli huzungushwa pande zote huku dira ikilinganishwa na alama za nchi kavu zinazojulikana. Kosa la kila upande huandikwa kwenye kadi inayokaa karibu na sukani.

Nondo, mabati na simu

Jambo hili si la meli kubwa peke yake. Boti la mbao ni salama kwa dira likiwa tupu. Likipakiwa nondo, mabati, misumari, majiko ya chuma au vipuri vya magari, limekuwa kama meli ya chuma kwa safari hiyo moja. Spika zina sumaku ndani yake. Vivyo hivyo simu, na nyaya zinazopeleka umeme wa betri huivuta sindano zikipita karibu nayo.

Hesabu yake ni rahisi kukumbuka. Kosa la digrii moja katika mwendo wa kilomita 60 hukipeleka chombo pembeni kwa kilomita moja hivi. Ziwa Tanganyika lina upana wa wastani wa kilomita 50. Boti likilivuka usiku huku dira ikiwa imevutwa digrii 10, litafika ng'ambo likiwa limepotea karibu kilomita 9. Kwa msafiri wa kawaida huo ni usumbufu. Kwa mfanyabiashara wa kuvuka mpaka ni hatari ya aina nyingine: mzigo uliokusudiwa kufika bandarini, mbele ya afisa wa forodha na karatasi zake zote, unajikuta kwenye ufuko usio na ofisi. Huko, kueleza kwamba ni dira iliyokosea si kazi nyepesi.

Hatua za kuzuia hilo hazina gharama. Mzigo wa chuma upangwe mbali na dira. Simu, redio na spika zisiwekwe juu yake wala kando yake. Baada ya kupakia na kabla ya kuondoka, nahodha aelekeze chombo kwenye alama anayoijua vizuri, kama vile mnara, mlima au ncha ya rasi, na aone kama dira inasema kile kile ilichosema jana chombo kikiwa kitupu. Ikionekana tofauti, iandikwe, na izingatiwe njia nzima. Na kwa kuwa kosa hubadilika chombo kinapogeuka, ni bora alama ziwe mbili au tatu za pande mbalimbali.

Wengine watasema simu yenye GPS imemaliza habari hiyo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1995, mfumo huo wa setilaiti wa Marekani ulipotangazwa kuwa kamili, kujua mahali ulipo kumekuwa rahisi kuliko wakati wowote. Meli kubwa nazo zina dira ya gurudumu linalozunguka kwa kasi, iliyoanza kutumika mwaka 1908 na isiyovutwa na chuma. Lakini vyote hivyo hutegemea umeme. Kile kidira kinachoonekana kwenye kioo cha simu nacho hutumia kihisi cha sumaku, na hudanganywa na chuma au na kifuniko cha simu chenye sumaku kama sindano ya kawaida.

Kwa sababu hiyo mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unaotawala meli za safari za kimataifa, bado unadai dira ya sumaku iliyorekebishwa na isiyohitaji umeme, hata kwenye meli zilizojaa vioo vya kielektroniki. Betri ikiisha katikati ya ziwa, mvua ikifunga taa za ng'ambo na Jaa akiwa chini ya upeo, sindano bado itageuka. Aliyeikagua pale gatini, baada ya nondo ya mwisho kupakiwa, ndiye atakayejua inasema nini.